Ufuo Usio na Mtu

Kila mwaka baridi ikianza kubana huku milimani, wajukuu zangu na wageni wao huniuliza: Babu, kule ziwani ni wapi kumetulia? Wananiuliza mimi kwa sababu wamesikia kwamba niliwahi kuwatafutia watu kimya, nikalipwa kwa kazi hiyo, kabla baba zao hawajazaliwa. Jibu langu ni lile lile. Ukiona ufuo mzuri hauna mtu, usitandike mkeka kwanza. Uliza kwa nini hauna mtu.

Sikusoma sana. Katekista alinifundisha herufi, nikaweza kusoma alama za magunia na kuandika jina langu, kisha mbuzi wa baba wakakosa mchungaji nikaitwa nyumbani. Mengine yote nimejitafutia. Nyumba hii ya matofali ninamoandikia, na kahawa inayoonekana dirishani mpaka bondeni kule, ni mkono wangu. Nasema mapema ili msomaji ajue anaongea na nani, asije akadhani nitamlilia.

Mke wangu wa kwanza alikufa kwa uzazi hapa Matiri, mtoto akiwa tumboni. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, baada ya ile vita kubwa ya pili. Watu walijaa uani. Nilikalishwa kwenye mkeka, nikakaa. Wanawake walilia kwa zamu, wakichoka hawa wanapokea wale, na mimi nilikuwa naangalia jembe langu. Mtu alikuwa amelichukua kuchimbia kaburi, mpini ukalegea, nikawa nawaza kabari ya mti gani italishika. Hilo ndilo nililowaza. Nilingoja kilio kije kama mtu anavyongoja chafya. Hakikuja.

Mke wangu alikuwa mtu wa Namswea, na ukoo wao una mila yao. Mume akifiwa huvishwa shingoni kipande cha kaniki, fundo likae kisogoni. Akiwa nacho hapandi mbegu, haingii shamba la mtu, hapewi chakula mkononi, anawekewa chini. Anayekikata ni mama mkwe. Na hakikatwi mpaka watu wa upande wa mke wawe wamekisikia kilio cha mume kwa masikio yao wenyewe.

Siku ya kuanua matanga, mjomba wa marehemu alisimama mbele ya watu wote.

"Tumelala hapa, tumeamka hapa," akasema. "Tumesikia mbwa, tumesikia jogoo. Mkwe wetu hatujamsikia."

Jirani yangu mmoja akanitetea. "Labda analia ndani kwa ndani."

"Ndani kwa ndani sisi tutaingiaje? Tuna masikio, hatuna tochi."

Watu wakacheka kidogo, maana hata msibani watu hucheka, kisha wakafunga mizigo wakarudi kwao Namswea. Kaniki ikabaki shingoni mwangu. Mama mkwe hakusema neno. Alikuwa amenipa mgongo kama inavyopasa, kwa sababu kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni.

Nikabaki na shamba. Mashimo ya ngoro, yale yetu ya kuzuia maji yasibebe udongo, niliyoyachimba ubavuni mwa kilima kwa mgongo wangu, yalikuwa yanangoja mahindi mvua zitakapoanza. Kama kaniki haitakatwa kabla ya mvua, nyasi zitayameza mashimo, na mwaka mzima nitakula cha kuwekewa chini na watu. Kwa mtu kama mimi hilo ni baya kuliko njaa.

Majirani walikuja kila siku kunisaidia kulia. Huyu ananikumbusha jinsi marehemu alivyokuwa anaimba akipeta maharage, yule anasema ninuse kitunguu. Niliwasikiliza wote kwa adabu. Nikaona hawa hawataniacha, afadhali nitafute mahali pa kimya nijaribu peke yangu. Nikikipata kilio, nikibebe mpaka Namswea wakisikie. Nikashuka ziwani.

Mtu wa milimani, Mmatengo kama mimi, huliangalia Ziwa Nyasa kutoka juu, akaliona linang'aa wala halisemi, akadhani ni kimya. Ni uongo. Nilipofika Mbamba Bay nilikuta kelele ambazo sijawahi kuzisikia hata kwenye mnada. Wanawake wanatwanga muhogo, watoto wanafukuza kunguru kwenye vichanja vya usipa, dagaa wa kule, meli ikija inapiga honi mpaka mbwa wanalia. Na juu ya hayo, ilikuwa miezi ya mapumziko. Mabwana wa boma la Songea walishuka na wake zao kuikimbia baridi. Wenye mashamba ya kahawa walishuka. Walimu wa misheni walishuka. Wenye maduka walikuja na familia zao na masufuria yenye upana wa gurudumu la gari, pilau ikanukia ufuo mzima. Mahema yalipangwa karibu karibu kama magunia stoo, na kila aliyefika alilalamika kwamba wenzake wamekuja.

Nikapata kazi ya kubeba mizigo yao. Kwa sababu ya kaniki, malipo yangu waliniwekea chini. Wazungu hawakujua mila, ila waliona wenzangu wanafanya hivyo, nao wakafanya.

Siku ambazo hapakuwa na mizigo nilitembea kusini, upande wa Chiwanda, nikitafuta mahali pangu. Nikapata ufuo mmoja uliojikunja katikati ya mawe makubwa mawili. Mchanga mweupe, maji yametulia mpaka unaona chini. Hakuna kichanja, hakuna mtumbwi, hakuna hata alama ya mguu. Kwetu ardhi ya namna hiyo tunasema imelazwa. Shamba likichoka unaliacha lipumzike, na mtu mwenye haja nalo anafunga fundo la nyasi kwenye kijiti, anakichomeka pale, halafu anaanza kuulizia mwenyewe ni nani. Nikafunga nyasi, nikachomeka kijiti changu mchangani. Nikakaa nilie.

Nilijaribu. Nilianza kwa sauti ndogo, "Ee mama," kama nilivyosikia watu wanavyoanza. Nikaongeza. Ilikuwa sauti ya mtu anayemwita mbuzi aliyepotea. Nikakohoa, nikaanza tena.

"Nyamaza wewe!"

Mzee mmoja alikuwa anateremka kwenye mawe, amejifunga shuka kiunoni, ananipungia mikono yote miwili. Alipofika karibu alinong'ona, lakini kwa ukali. "Nani amekuambia uje kumwita mbuzi kwenye ufuo wangu?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Punguza sauti."

"Sikujua una mwenyewe. Nimeona hapana mtu."

"Na hiki kijiti chenye nyasi ni cha nini?"

Nikamweleza. Alijiziba mdomo kwa kiganja asicheke kwa sauti, mabega yakawa yanamtikisika. "Mmatengo! Umekuja kulima ziwa? Haya, maharage utapanda wapi, kwenye maji au kwenye mchanga?"

Alichuchumaa, akanionyesha kwa kidole. Mle majini, mchangani, palikuwa na visahani vingi vilivyochimbwa, na juu ya kila kimoja samaki mnene amesimama, mkia unacheza polepole. Ni magege, akasema, wanataga. Wakiona pametulia wanaitana, wanajaa. Kwa hiyo watu wa kijiji chake hawaoshi vyombo pale, hawapigi makasia karibu, hawaanui wala hawaaniki kitu pale. Wakishajaa wa kutosha ndipo wavu mkubwa unatupwa, na kijiji kizima kinavuta.

"Hapa pamenyamaza kwa sababu sisi tumenyamaza," akasema. "Wewe ukadhani ni pori."

Kisha akaiona kaniki. "Nani?"

"Mke wangu."

"Kumbe ile sauti ilikuwa kilio?"

"Nilikuwa najaribu."

"Mtani wangu, usijaribu tena. Utafukuza hata mamba." Akanitazama, nikaona anataka kunichokoza zaidi, maana sisi na watu wa ziwani tunataniana, na mtani ana ruhusa msibani. "Niletee jogoo nikulilie mimi. Nina sauti. Nimelia misiba ya watu hapa pwani yote."

"Wakwe zangu wanataka yangu mwenyewe."

"Wakwe wagumu hao." Aling'oa kijiti changu akakitupa. "Kaa tu. Kukaa hakufukuzi samaki. Lakini ukisikia kilio kinakuja, kimbia nacho kule nyuma ya mawe."

Nikawa nakwenda kukaa pale kila nikipata nafasi. Kilio hakikuja hata siku moja, kwa hiyo sikuwahi kukimbia.

Katika wale waliokuja kupumzika kulikuwa na bwana mmoja wa serikali, mrefu, na mkewe. Bwana yule alikuwa na makreti ya vitabu na hema kubwa, na hema la jirani yake lilikuwa la watu wenye watoto. Alivumilia kidogo, kisha akaniita. Kiswahili chake kilikuwa kizuri.

"Wewe unatembea sana," akasema. "Nitafutie mahali ambapo hapana mtu. Nataka kimya."

Nikakodi mtumbwi na mpiga kasia, tukaondoka na bwana yule na bibi yake. Nilimpeleka kwanza kwenye mlango wa mto, pana mchanga mzuri na matete. Akafurahi. Akauliza, "Kwa nini hapana mtu?" Nikamjibu, "Mamba, bwana." Bibi akarudisha miguu ndani ya mtumbwi. Nikawapeleka penye jabali linalotazama kusini. "Na hapa kwa nini hapana mtu?" Kabla sijajibu, upepo wa mwera ulikuja ukavuma, kofia ya bwana ikaenda majini, tukapoteza nusu saa kuifuata. Nikawaonyesha pengine, pazuri kuliko hapo pote. Pale hapakuwa na njia ya kupanda, maji yakichafuka unabaki ukutani kama mjusi.

"Wewe unajua mahali pabaya tu," bwana akasema.

"Pazuri pana watu, bwana."

Hakupenda jibu hilo. Tulipokuwa tunarudi akauona ufuo wa mzee kwa mbali. Akasimama ndani ya mtumbwi, mpiga kasia akapiga kelele, bwana akakaa. "Pale!" akasema. Nikamwambia pale pana mwenyewe, na sababu. Akasema mwombe. Nilimwomba mzee, na mzee akafikiri huku akijikuna ndevu.

"Wakae pembeni kwenye mawe. Wasioge, wasipige kelele. Wanaweza?"

Nikamwuliza bwana. Akacheka. "Kimya ndicho nilichokifuata."

Siku ya kwanza walikaa vizuri kweli. Bwana alisoma, bibi alilala kivulini mpaka alama za mkeka zikabaki shavuni. Mimi nilikaa mahali pangu. Watu watatu kwenye ufuo mmoja na hapana anayesema neno. Nikaona huyu bwana anajua anachokitaka. Jioni akatoa sanduku, akafungua kifuniko, akazungusha mkono wa chuma, santuri ikaanza kuimba. Sijui kwa nini mtu atembee kutwa nzima akitafuta kimya, halafu akikipata akitilie tarumbeta. Nilikwenda kumwambia. Akasema ni wimbo mmoja tu. Ulikuwa mmoja, kisha mwingine. Juu ya mawe nilimwona mzee amesimama. Hakushuka.

Alfajiri nikaamshwa na kishindo. Kijiji chote kilikuwa kinateremka mawe: wanaume na kamba mabegani, wanawake na vikapu, vikongwe, watoto waliobebwa na wanaotembea. Mtumbwi mkubwa ulikuwa umeshazungusha wavu. Kamba zikaletwa pande mbili, mwimbishaji akaanza, watu wote wakaitikia kwa sauti ambayo nadhani ilifika ng'ambo. Hema la bwana lilikuwa katikati ya kamba mbili.

Nilimfuata mzee. "Ni kwa ajili ya ile santuri?"

"Samaki wamejaa," akasema. Sikumwuliza zaidi. "Shika kamba."

"Nina kaniki. Siingii shamba la mtu."

"Mara ngapi nikuambie ziwa si shamba? Vuta, Mmatengo!"

Nikashika kamba nyuma ya mama mmoja mnene, nikavuta. Mikono ilichubuka. Bibi wa yule bwana alitoka hemani amejifunika blanketi, nywele zimesimama, akaangalia, akaliacha blanketi likaanguka akaja kushika kamba nyuma yangu. Watu wakashangilia. "Vuta mama, vuta! Leo utapikiwa!" Alikuwa anacheka. Wavu ulipofika mchangani, magege walikuwa wanapiga mikia kama mvua ya mawe kwenye bati.

Bwana alikuwa amekaa juu ya kreti la vitabu. "Uliniambia hapa ni kimya," akaniambia.

"Kilikuwepo, bwana. Leo kimeisha."

Akasema mimi ni mwongo. Nilikunja hema, nikabeba kreti, nikawarudisha Mbamba Bay kwenye mahema ya wenzao. Bibi alibeba samaki wake mwenyewe, wamechomekwa kwenye ujiti. Fungu langu, mzee alikuwa ameniwekea chini, juu ya jani.

Miezi ya mapumziko ikapita, wageni wakaondoka, mimi nikabaki. Mawingu yalianza kukaa juu ya milima ya kwetu, na kila asubuhi niliyatazama nikihesabu mashimo yangu kichwani, yale ya juu, yale ya kati, yale ya karibu na kijito. Ufuo wa mzee ulirudi kuwa mtupu. Nilikuwa nimekaa pale mchana mmoja niliposikia miguu nyuma yangu, kisha kikapu kinawekwa chini, kisha kikohozi. Kikohozi kile nilikijua. Sikugeuka. Wanawake wa milimani hushuka na maharage na mahindi kubadilishana na usipa, na mama mkwe alikuwa ameshuka nao.

"Mkwe," akasema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Nakula."

"Unakula nini?"

"Samaki na ugali wa muhogo."

"Ugali wa muhogo," akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa. Nikasikia anakaa mchangani, amenipa mgongo, mimi nimempa wangu. "Wameniambia unakuja hapa kulia."

"Nakuja. Silii."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Samaki mmoja aliruka, akazama.

"Mimi nimelia mpaka wamenichoka," akasema. "Akija mgeni nalia kwa sababu amekuja. Akiondoka nalia kwa sababu anaondoka. Nikikaa kimya wanaulizana, amekwisha kumsahau? Tangu tumzike sijapata kukaa."

"Hapa unaweza kukaa."

"Si nimekaa?"

Tukakaa. Kivuli cha jiwe kilitoka majini kikafika kwenye miguu yangu. Sikumsikia akilia. Nilisikia tu pumzi yake, nzito, ya mtu aliyetua mzigo. Sikuwa nawaza marehemu. Nilikuwa nawaza kwamba kikapu chake kina usipa wa kutosha na atakibebaje kupanda ule mlima.

"Hapa nani anasikia?" akauliza.

"Hapana mtu. Wapo samaki, nao wanataka tunyamaze."

"Inama."

Niliinama. Alikuja kwa nyuma, uso wake sikuuona. Ubaridi wa kisu, kile kidogo cha kumenyea muhogo, ukapita kisogoni, na kaniki ikatoka. Shingo ilikuwa nyepesi, basi. Watu nikiwasimulia hunitazama wakingoja niseme kwamba hapo ndipo nilipolia. Sikulia. Wala mpaka leo sijamlilia mwanamke yule, na nilikaa naye vizuri, na hakuna siku niliyomnyima chumvi.

"Mvua ya mwaka huu itawahi," mama mkwe akasema, anafunika kikapu. Kipande cha kaniki alikuwa amekitia humo humo, juu ya usipa. "Usichelewe kupanda."

Nilibeba kikapu chake mpaka Namswea, safari ya siku mbili. Tulitembea kama inavyopasa, yeye mbele sana na mimi nyuma, akifika kona ananingoja bila kugeuka mpaka asikie miguu yangu, ndipo anaendelea. Nilipoweka mzigo pembeni mwa ua, mjomba alikuwa ametoka mlangoni, anaitazama shingo yangu.

"Kimekatwa?" akamwuliza dada yake. "Amelia?"

"Ulikuwepo?" akasema mama mkwe.

"Sikuwepo."

"Basi mimi nilikuwepo."

Akaingia ndani na usipa wake. Mjomba alibaki amesimama, kisha akanipa mkono, nami nikaupokea. Sikukaa. Nilifika Matiri jua halijazama, nikatoa jembe darini, nikachonga kabari ya mninga nikaukaza mpini, nikaligonga chini mara kadhaa kuona kama limeshika. Lilishika.